Asilimia 15 ya Nini?

Vijana wanariadha wa Kapchorwa, huku Uganda, wakiniletea mkataba wa meneja, kidole chao huenda moja kwa moja kwenye namba. "Meneja anachukua 15 tu, kaka." Nami nawauliza: kumi na tano ya nini?

Swali hilo mimi mwenyewe sikuliuliza. Mganda mwenzetu Stephen Kiprotich alipoleta dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kutoka London mwaka 2012, huku mlimani nani hakuota kupata meneja? Wangu alipokuja na karatasi, nilitia sahihi juu ya kiti cha bodaboda bila kufungua ukurasa wa pili. Asilimia 15 ndiyo ada iliyozoeleka kwenye riadha. Sikuona pa kubishania.

Mbio zangu za kwanza Marekani nilishika nafasi ya tatu, zawadi dola 5,000. Kule mwanariadha mgeni kwa kawaida hukatwa kodi ya 30% kabla hajagusa kitu, basi 1,500 zikaenda. Meneja akala 750, maana 15 yake aliipiga kwenye 5,000 nzima. Angeipiga kwenye 3,500 zilizobaki, angepata 525. Kisha ikaja nauli ya ndege, dola 1,400. Nilidhani nimelipiwa, kumbe nimekopeshwa! Zikabaki 1,350, nazo zikapitia akaunti yake na kunifikia baada ya miezi mitano. Kuchelewa kupo, waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kunionyesha walilipa lini.

Ningesema ameniibia, ila yote yalikuwa ukurasa wa pili, chini ya "gharama nyinginezo".

Kwa hiyo, mdogo wangu, iandikwe wazi kama ada inapigwa kabla ya kodi au baada yake, na inagusa pesa zipi: zawadi, pesa ya kualikwa, ya upesmeka (kuwaongozea wenzako kasi ya mbio), ya viatu, yaani ya kampuni ya viatu inayokudhamini. Hiyo ya viatu isome mara mbili. Mara nyingi meneja aliyekutafutia mkataba wa viatu huendelea kula sehemu yake mpaka uishe, hata kama mmeshaachana. Gharama isikatwe kabla hujaikubali kwa maandishi na kuona risiti. Pesa ziingie kwako, yeye ndiye akudai.

Wa mpira wana hesabu yao. Kanuni za FIFA za 2023 zilimwekea wakala wa mchezaji kikomo cha 5% ya mapato yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, na 3% kwa yanayozidi hapo. Desemba mwaka huohuo FIFA ikakisimamisha kikomo hicho kwa sababu ya kesi ya Ujerumani. Usikitegemee, tegemea ulichosaini.

Juzi binti mmoja wa kambini kaniletea mkataba wake. "Gharama nyinginezo" zilikuwemo, ukurasa wa pili uleule. Tukampigia meneja simu atutajie moja moja. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema atatuma karatasi nyingine. Bado tunaisubiri, na kalamu ninayo mimi.