Muulize Mwalimu: Je, mpira wa Gibraltar umeanza juzi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Lincoln Red Imps wa Gibraltar wanapocheza Ulaya, kijiweni petu husemwa kwamba mpira wa kule ni wa juzi tu, tangu waingie UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Ni kweli? Na hao Lincoln ndio klabu yao kongwe?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli hata kidogo, na nafurahi umeuliza.

Gibraltar ni mwamba usiofika kilomita za mraba 7, kwenye ncha ya kusini ya Hispania, uko chini ya Waingereza tangu karne ya 18. Mpira uliletwa na askari wa ngome. Raia wakatazama, wakaupenda, na mwaka 1892 wakaunda klabu yao ya kwanza, Prince of Wales. Miaka mitatu baadaye timu zilishakuwa nyingi, wakaunda chama cha soka cha raia. Chama hicho cha 1895 ni kikubwa kwa umri kuliko FIFA, iliyozaliwa 1904!

Shida yao ilikuwa uwanja. Mahali penyewe pamejaa jabali, na vipande vichache vya ardhi tambarare vilishikwa na jeshi. Raia walicheza kwa nafasi waliyoachiwa, hivyo mechi zilikuwa chache, wakaanza na shindano moja tu, Kombe la Wafanyabiashara. Hata hivyo, 1901 raia hao hao walichagua kikosi chao cha pamoja kuwakabili askari. Mimi hapo nawavulia kofia. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, hawalipwi, na uwanja si wao.

Prince of Wales walitwaa ubingwa wa ligi mara 19, wa mwisho mwaka 1953. Lincoln wamezaliwa 1976, ni wajukuu kwao, ingawa nao walibeba ubingwa mara 14 mfululizo, 2003 hadi 2016.

Kilicho cha juzi ni kufunguliwa mlango tu. Waliomba UEFA mwaka 1999. Hispania, inayodai mwamba huo ni wake, ikapinga vikali, na kura ya 2007 ikawapa nchi tatu tu: England, Scotland na Wales. Walikubaliwa 2013, na FIFA 2016. Sisi Wazanzibari uchungu huo tunaujua: CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama Machi 2017, ikatunyang'anya Julai mwaka huo huo. Bado unaniuma.

Na ridhaa haikufa na wazee wale. Julai 2016 Lincoln waliifunga Celtic ya Scotland bao 1-0 huko huko Gibraltar, uwanja uliopakana na njia ya kurukia ndege. Mfungaji, Lee Casciaro, alikuwa askari polisi. Wiki iliyofuata Celtic walishinda 3-0 na kusonga mbele, lakini bao lile hakuna wa kulifuta.