Maswali yenu kuhusu mvinyo wa Fogo, kisiwa cha volkano

Tangu niwagusie kuhusu Fogo, kile kisiwa cha Cape Verde ambako familia zinalima zabibu na kutengeneza mvinyo ndani kabisa ya kreta ya volkano hai, maswali yamemiminika. Najibu haya machache, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanafanana.

Mi najua waini ni Ufaransa, Italia na South Africa, kwa huku kwetu Dodoma. Fogo ilifikaje? (Dada wa Arusha)

Dada, ilifika zamani sana. Wareno walianza kukaa Cape Verde karne ya 15 na mizabibu wakaja nayo, halafu karne ya 19 akatua Mfaransa mmoja anaitwa Armand Montrond, akabaki Fogo moja kwa moja na akazaa watoto wengi na wanawake tofauti, kwa hiyo leo ukipanda hadi Chã das Caldeiras, hiyo sehemu ya kretani, jina la Montrond unakutana nalo kila kona na utaona pia watoto wenye nywele za rangi ya dhahabu. Watu wa pale wanamhesabu kama baba wa mvinyo wao hata kama mizabibu ilishakuwepo kisiwani.

Ila la muhimu kwangu ni nani analima leo. Hamna tajiri mwenye shamba la kupotea macho, ni familia na vipande vyao. Zabibu nyingine wanapeleka kwenye ushirika wao ulioanzishwa miaka ya mwisho ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiitaliano, huko ndo zinatoka chupa zenye lebo ya Chã, mweupe wa zabibu za moscatel, na mwekundu. Nyingine zinabaki nyumbani zinakuwa manecom, mvinyo wa kienyeji, kila nyumba na wake. Mi nausifu ushirika, umewapa soko, lakini roho ya jambo lote iko kwenye yale mapipa ya nyumbani, maana familia yenye pipa lake haiwezi kulazimishwa kuuza zabibu kwa bei ya kutupa siku ya mavuno.

Mzabibu unaishije kwenye majivu bila kumwagilia? Mi huku nalima kwa dripu na bado nahangaika. (Mkulima, Dodoma)

Kaka, swali lako nimelipenda kuliko yote. Chã iko juu, kama mita 1,700 hivi, imezungukwa na ukuta wa kreta ya kale na katikati umesimama mlima wenyewe, Pico do Fogo, mita 2,829. Mvua ni ya miezi michache tu, na mto hamna. Sasa kinachowaokoa ni yale majivu meusi ya chenga kubwa, mvua ikinyesha maji yanazama fasta hayakimbii, na yakishazama jua haliyafikii kirahisi kwa sababu chenga za juu zinakauka zinakuwa kama blanketi. Usiku kule ni baridi na ukungu unaingia, nao unaacha unyevu. Wanachimba shimo, wanapanda, na kila mche unapewa nafasi kubwa usigombanie maji na mwenzake, hawaweki nguzo wala waya kama nyie, mzabibu unaachwa utambae chini karibu na ardhi upepo usiuchape.

Halafu kumbuka wewe Dodoma unavuna mara mbili kwa mwaka, ule wa Machi na ule wa Agosti na Septemba, mti wako haupati likizo. Wa Fogo unavunwa mara moja, Julai na Agosti, kabla mvua hazijakolea. Kiu ya miti yako na ya kwao si moja, usijilaumu. Unachoweza kuiga ni kufunika udongo, changarawe au nyasi kavu kuzunguka shina, dripu yako itafanya kazi mara mbili. Hata Lanzarote, kisiwa cha Uhispania kilicholipukiwa na volkano mfululizo kuanzia 1730 hadi 1736, wakulima walifikia hukohuko, wanachimba mashimo kwenye majivu na kujenga kiukuta cha mawe kuukinga mche, na mpaka leo wanavuna.

Siye batu ya Goma lava tunaijua, mu 2002 ilipita katikati ya mji, mu 2021 ikarudi. Abo batu ya Fogo juu ya nini balirudi kule? (Ndugu wa Goma)

Ndugu yangu, nyie mnaweza kulijibu hili kuliko mimi. Kule ilianza tarehe 23 Novemba 2014 na haikutulia mpaka Februari 2015. Lava ilienda polepole, watu wakapata muda, hakufa mtu, lakini walisimama wakaangalia vijiji viwili, Portela na Bangaeira, vinamezwa nyumba baada ya nyumba, na jengo la ushirika la kutengenezea mvinyo nalo likazikwa. Waliong'oa milango, madirisha, mabati, chochote cha kubebeka. Na si mara ya kwanza, 1995 ililipuka, 1951 ililipuka.

Wakarudi. Serikali ilitaka wakae chini, sehemu salama zaidi, ila shamba liko juu na mizabibu mingi ya kwenye miteremko ilikuwa bado hai, sasa mtu aache mizabibu ya babu yake aende akakae kwenye nyumba ya kupewa afanye nini? Mavuno ya 2015 yalivunwa. Wamejenga juu ya lava ileile, kwenye nyumba nyingine sakafu ilibaki na joto muda mrefu. Kuna watu wanawaita wabishi, na mi neno hilo linaniuma, kwa sababu anayelima pale anaijua hatari vizuri kuliko sisi tunaosoma kwenye simu, na udongo huo wa hatari ndo unaomlisha.

Natengeneza wa nyumbani ila kila mara unageuka siki. Wao wanafanyaje? (Mama, Moshi)

Shikamoo mama. Manecom ni kazi ya mikono, zabibu zinachumwa, zinapondwa, kwa jadi kwa miguu, halafu zinaachwa zichache zenyewe kwa hamira ya asili iliyoko kwenye maganda. Zabibu za kule zinapigwa na jua kweli, zina sukari nyingi, kwa hiyo kilevi kinapanda na kinausaidia mvinyo kujilinda.

Siki yako inaletwa na hewa mama. Ukiwa bado unachemka povu hewa haidhuru sana kwa kuwa gesi inayotoka inaifukuza, na hapo usifunge kifuniko kabisa, chombo kitapasuka, weka mpira mwembamba kwenye kifuniko na ncha ya pili uizamishe kwenye glasi ya maji, gesi itoke hewa isiingie. Shughuli iko baadaye, povu likiisha watu wanaacha ndoo nusu tupu wiki nzima, na vijidudu vya siki vinapata nafasi hapo. Chuja, hamishia kwenye chombo kinachojaa mpaka shingoni, funga, weka kwenye baridi. Na vyombo vioshe na maji yaliyochemka, hasa vile vilivyowahi kukaa siki.

Ni kweli unanuka kiberiti? (Wengi)

Hapana. Mizizi hainyonyi mawe ikayapeleka kwenye zabibu. Ukali mzuri unaousikia unatoka zaidi kwenye usiku wa baridi, zabibu inaiva bila kupoteza ugwadu wake.

Mi Muislamu, sinywi, ila stori hizi nazipenda. Kuna changu huko? (Kaka wa Tanga)

Kipo sana. Familia hizohizo zinafuga mbuzi na kutengeneza jibini, wanalima tini, komamanga na maharage humohumo kretani, na ukishuka upande wa Mosteiros kuna kahawa ambayo inatajwa kisiwa kizima.

Hiyo manecom nitaipata wapi? (Wengi tena)

Hukohuko tu, kwenye nyumba zao. Unafika Praia, mji mkuu wa Cape Verde, unachukua ndege ya ndani au boti hadi São Filipe, mji mkubwa wa Fogo, halafu gari la kuchangia linakupandisha Chã. Lala kwa wenyeji, nyumba za wageni nyingi ni za haohao wakulima, na kama unataka kupanda Pico chukua mwongozaji wa palepale kijijini. Ukitaka kuona watu wakivuna nenda Julai au Agosti. Usiku omba manecom mezani na umlipe mwenye pipa mkononi, na chupa ya kurudi nayo ifunge kwenye nguo ndani ya begi kubwa la kupakia, maana kwenye begi la mkononi utanyang'anywa uwanja wa ndege.