Kampuni inaendelea kukukata kwenye kadi, benki inakurudisha kwa muuzaji: mimi nilifanya hivi

Mkuu, umesema ulisitisha huduma ya kulipia kila mwezi, kampuni ikaendelea kukukata kwenye kadi ya mkopo, na ulipopiga simu benki wakakujibu "wasiliana na muuzaji". Yalinikuta hayo hayo na hela zangu zilirudi, kwa hiyo vumilia maelezo marefu kidogo.

Benki watakuuliza kwanza: "Muamala huu unautambua?" Wengi, kwa hasira, husema hapana. Usithubutu. Ukisema huutambui, dai lako linaingia kwenye fungu la wizi wa kadi: kadi inafungwa, unapewa nyingine, na hoja inakuwa kwamba mtu baki ndiye aliyelipa. Kampuni nayo inatoa kumbukumbu kwamba ulijiandikisha mwenyewe, kwa barua pepe yako, na miezi ya nyuma ulilipa bila neno. Umekwisha. Jamaa yangu wa kazini alipita njia hiyo, akaonekana mwongo wakati haki ilikuwa yake.

Mimi nilisema hivi: kampuni naijua, nilikuwa mteja wao, nilisitisha tarehe fulani, na makato yote ya baada ya hapo sikuyaridhia. Hilo ni dai la aina nyingine kabisa, na kanuni za Visa na Mastercard zinalitambua. Hao wenyewe usihangaike kuwapigia. Wao wanatunga kanuni. Anayefungua dai ni benki iliyokupa kadi, na linakwenda kwa benki ya muuzaji.

Yule dada wa huduma kwa wateja aliponirudisha kwa muuzaji nilikasirika, ila hakuwa amekosea sana, maana kwa madai kama haya mara nyingi unatakiwa uwe umejaribu kumalizana na muuzaji kwanza. Sasa jaribu kwa maandishi, siyo simu. Barua pepe moja fupi: ulisitisha lini, umekatwa kiasi gani, unataka jibu kufikia siku gani. Wakikaa kimya, huo ukimya wao ndio ushahidi wako. Niliporudi benki na barua pepe ile pamoja na ujumbe wa uthibitisho wa kusitisha, wimbo wa "wasiliana na muuzaji" uliisha, nikapewa namba ya dai.

Usikubali kuzungushwa na "tunalishughulikia". Kwa madai mengi ya kadi kikomo ni siku 120, na benki inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi kwenye masharti yake. Kuna kampuni, kwa maoni yangu, zinakupiga danadana makusudi mpaka muda upite. Kama muamala bado unaonekana "unasubiri", ngoja uingie rasmi kwenye taarifa ya kadi, kwa kawaida kabla ya hapo hawalipokei dai.

Hela ikirudi, usiitumie haraka. Mara nyingi ni ya muda tu, kwa sababu muuzaji ana nafasi ya kujitetea, na utetezi wake ukikubaliwa benki inaichukua tena. Yangu niliiacha pale pale mpaka nikapata barua ya kufunga dai.

Wanaokushauri ubadilishe kadi tu yaishe, hapana. Mitandao hiyo ya kadi ina mfumo wa kuwapelekea wauzaji waliojiunga nao namba mpya ya kadi yako, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Unaweza kupata kadi mpya na bado ukakatwa na kampuni ile ile. Waambie benki wazuie malipo ya muuzaji huyo kwa jina lake, tena jina linaloonekana kwenye taarifa, maana mara nyingi halifanani na lile la dukani.

Na usigome kulipa deni lote la kadi eti kwa sababu una kesi. Lipa sehemu isiyo na ubishi kwa wakati, la sivyo riba na faini ya kuchelewa zitakuwa juu yako hata ukishinda. Kiasi unachokipinga, waulize kwa maandishi kama kimesimamishwa.

Ukikatwa tena mwezi ujao, usidhani dai la kwanza linafunika na hilo. Kila makato ni muamala wake, kwa hiyo waandikie benki siku hiyo hiyo wayaongeze kwenye dai, ukitaja namba ya dai uliyonayo.