Uzito kwanza, rangi baadaye: kuvua samaki wa chini kwa chambo laini cha plastiki

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu chambo laini cha plastiki ni la rangi. Nifunge cha kijani, cha waridi au cheupe? Mimi kabla ya kusema lolote huuliza: kichwa cha risasi ulichofunga, yaani ndoana yenye donge la madini ya risasi inayobeba chambo, kina gramu ngapi, na unajuaje kwamba kimefika chini? Chewa, changu, mkundaji, wayo na wenzao wanaokaa chini hula kaa, kamba na visamaki vinavyojificha mchangani au kwenye mianya ya miamba. Chambo kikipita mita mbili juu yao, wengi hawajisumbui kukifuata, hata kiwe kizuri namna gani.

Kanuni ninayoishika ni hii: funga kichwa chepesi kuliko vyote vinavyoweza kufika chini na kubaki chini. Kwenye maji ya mita 2 hadi 5 yasiyo na mkondo mkali, naanza na gramu 7 au 10. Kwenye mita 10 hadi 20 naanza na 14, nikiona hakifiki napanda hadi 21 au 28. Mkondo ukishika kasi, hata gramu 40 zinaweza kuwa chache. Hizo ni namba za kuanzia tu, bahari yenyewe ndiyo itakayokurekebisha.

Kwa nini nasisitiza wepesi? Kwanza, chambo chepesi hushuka polepole, na mkia wake hupata muda wa kucheza. Pili, chewa na wengi wa jamii hiyo hawafukuzi na kuuma kama mbwa. Hufungua mdomo ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na windo. Chambo chepesi huingia na maji hayo bila shida, kizito hubaki nyuma, nawe unahisi mguso tu kisha kimya. Tatu, kichwa kizito huzama kwenye nyufa za mwamba na kunasa kila mara.

Uzito uliokufaa asubuhi unaweza usikufae saa tatu baadaye. Maji yanapojaa au kupwa, mkondo huwa na nguvu zaidi katikati ya safari yake, na hupungua yanapokaribia kusimama. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo beba vichwa vya uzito mbalimbali na usione uvivu kubadilisha. Ninaona wavuvi wenye subira kubwa wakitupa chambo kilekile muda wote huku kikielea katikati ya maji, na inanisikitisha, kwa sababu kufungua fundo na kufunga jingine hakuchukui hata dakika mbili.

Utajuaje kimefika? Tupa, acha mshipi utoke kwa uhuru, na uutazame. Ukilegea ghafla, kimegusa. Hesabu sekunde tangu kilipoanza kuzama, maana kwenye mtupo unaofuata hesabu hiyo itakuambia kama sakafu imeinuka au imeporomoka. Mshipi wa kusuka unasaidia mno hapa. Hauvutiki kama nailoni, ni mwembamba kwa nguvu zake, na mkondo hauusukumi sana, kwa hiyo mkono unatambua mchanga, tope na jiwe. Mbele yake naunganisha mita moja na nusu hivi ya mshipi wa florokaboni, unaostahimili kukwaruzwa na miamba. Fimbo iwe nyepesi yenye ncha inayohisi, na rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ilingane nayo. Kuhusu vifaa hivyo sina zaidi ya hayo.

Sasa kazi yenyewe. Kikigusa chini, kaza mshipi kidogo, kisha inua fimbo kwa mwendo mmoja ulio thabiti, si kwa kurusha, mpaka chambo kiinuke nusu mita au mita moja. Halafu kishushe. Kushusha ndiko kunakovua. Samaki wengi wa chini hula chambo kinapoanguka, kwa sababu windo linaloporomoka kuelekea sakafuni ni windo lililochoka au linalotafuta pa kujificha. Fuatisha ncha ya fimbo chini pamoja na chambo, mshipi usiwe umekazwa wala usiwe umelegea kabisa. Ukiukaza, chambo kinakurudia kwa mshazari na kuacha kuanguka. Ukiulegeza mno, samaki atakula na kutema bila wewe kujua.

Na kula kwenyewe mara nyingi hakuna kishindo. Wakati mwingine ni mguso mmoja mdogo unaofika kiganjani. Wakati mwingine mshipi unasimama kabla ya hesabu yako kutimia: ulizoea sekunde nane, safari hii umesimama kwenye ya tano. Huenda ni samaki, inua. Wakati mwingine mshipi unaanza kwenda pembeni, au unapoinua unakuta uzito laini kama umeshika mwani. Katika hali zote hizo napunguza mshipi uliolegea kwa mizunguko ya haraka ya rili, kisha nainua fimbo kwa nguvu ya wastani. Kuvuta kwa pupa huku mshipi umelegea hakuiingizi ndoana mdomoni.

Kati ya mnyanyuo mmoja na mwingine, acha chambo kitulie. Sekunde tatu hadi tano zinatosha mara nyingi, maji yakiwa baridi au samaki wakiwa wavivu ongeza. Kwa wayo, anayelala amejifunika mchanga macho yakitazama juu, kuruka-ruka si lazima. Burura chambo polepole kitimue vumbi la mchanga, simamisha, burura tena. Wayo hufuata umbali fulani kabla ya kuamua, na uamuzi huo huja mara nyingi chambo kikiwa kimesimama.

Umbo la chambo ni muhimu kuliko rangi. Mkia bapa hupiga maji na kutoa mtikisiko ambao samaki huuhisi kwa mstari wa fahamu ulio ubavuni, hivyo nautumia maji yakiwa na tope. Mkia uliojikunja hucheza hata chambo kikishuka polepole sana. Mkia mwembamba ulionyooka ni wa maji maangavu na samaki wenye wasiwasi. Urefu wa sentimita 7 hadi 12 unatosha kwa samaki wengi wa chini. Kabla ya kukichoma, laza ndoana kando ya chambo na uweke alama mahali ncha itakapotokea. Chambo kikikaa kimejikunja kwenye ndoana, kitazunguka badala ya kuogelea na kuusokota mshipi wako. Tone la gundi kali shingoni hukizuia kisiteleze.

Rangi, basi. Mwanga mwekundu hupotea mapema majini kuliko rangi nyingine, kwa hiyo chambo chekundu kwenye kina huonekana cheusi tu. Mimi nachukua kimoja cheupe, kimoja cheusi au kahawia, na kimoja chenye rangi kali kwa maji machafu. Vinanitosha.

Mahali pa kutupa ni kingo: mchanga unapokutana na mwamba, majani ya bahari yanapokatika, sakafu inapoporomoka. Samaki hujibanza penye hifadhi na kungoja mkondo uwaletee. Ukiwa ufukoni au gatini, tupa juu ya mkondo ili chambo kiviringike kuelekea kwao kikija na maji. Ukiwa kwenye chombo kinachochukuliwa na maji, tupa upande ule chombo kinakoelekea. Chambo kitapata muda wa kuzama wakati mnakikaribia. Ukitupa nyuma, chombo kitakivuta na kukiinua.

Kukwama hakuepukiki penye miamba. Usiuzungushe mshipi wa kusuka kwenye kiganja, unakata nyama. Sogea upande mwingine wa kile kilichonasa ukiweza, au kaza mshipi kwa vidole kisha uuachie ghafla, mrudio wake mara nyingi huinasua ndoana. Penye majani mengi, tumia ndoana iliyopinda shingoni ambayo ncha yake hufichwa ndani ya chambo.

Chewa akishika, sekunde za mwanzo ndizo zinazoamua, kwa sababu anakimbilia shimoni. Breki ya rili iwe imekazwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, na usimpe nafasi ya kugeuka mpaka ameachana na mwamba. Baada ya hapo tulia.

Kuhifadhi: acha kila chambo kwenye pakiti yake. Plastiki za aina tofauti zikigusana zinaweza kuyeyushana, na aina ile inayonyumbuka sana ikichanganywa na ya kawaida utakuta uji sandukuni. Vichwa vya risasi ni sumu, nawa mikono kabla ya kula. Na vipande vilivyochanika virudi mfukoni, visitupwe baharini. Haviozi, na samaki akivimeza vinaweza kumziba tumbo.

La mwisho ni la wale wanaorudisha samaki majini. Samaki aliyetolewa kwenye kina, kibofu chake cha hewa hupanuka. Utaona macho yametoka na tumbo limechomoza mdomoni. Usilitoboe tumbo hilo. Ukimwacha juu atashindwa kuzama na ndege watammaliza, kwa hiyo mrudishe chini kwa kibanio chenye uzito kinachomshika mdomo na kumwachia akifika kwenye kina. Wayo hana kibofu hicho akiwa mkubwa, yeye anaweza kuachiwa juu akashuka mwenyewe. Kwa chewa na changu, ukiona wanaanza kutoka na dalili hizo na huna kibanio, hamia kwenye maji mafupi zaidi au uache kuvua ukishapata wa kukutosha.