Maswali ya Wasomaji: Nyaraka za Mgogoro wa Cuba

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu mgogoro wa makombora ya Cuba, 1962. Msimamizi anadai vyanzo vya msingi (nyaraka za wakati ule wenyewe), nami nina vitabu tu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na tanbihi za vitabu hivyohivyo, ndizo zinazotaja nyaraka zilipo. Kisha ingia tovuti ya historia ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mfululizo wa Foreign Relations of the United States, 1961–1963, juzuu ya XI. Ni bure. Tanbihi ya kwanza ya waraka hutaja jalada ulikotoka, inakili. Ukikuta mabano yanayosema maneno fulani bado ni siri, usijaze pengo kwa kukisia.

Usiishie upande mmoja, wa Marekani, bila wa Sovieti; hapo ndipo tasnifu nyingi hulegea. Chukua mazungumzo ya Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani na ndugu wa rais, na Dobrynin, balozi wa Sovieti mjini Washington, 27 Oktoba. Telegramu ya Dobrynin, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, imo katika hifadhi ya kidijitali ya Wilson Center, taasisi ya utafiti ya Marekani: inataja miezi 4 hadi 5 ya kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Kumbukumbu ya Kennedy ni ya 30 Oktoba, nayo inakana kwamba palikuwa na mabadilishano ya makombora hayo na yale ya Sovieti yaliyokuwa Cuba. Ziweke sambamba, kisha jiulize kila mmoja alikuwa akimwandikia nani.