Usijizoeze kwa maji: jibu kwa aliyeitwa kwenye shindano la kula la runinga

Mleta uzi, acha kunywa hayo maji leo. Umeuliza kama mashindano ya kula kupita kiasi kwenye runinga ni burudani au ni madhara, washiriki hulipwa vipi, mkataba uangaliwe wapi, na kama kushiriki kutakuharibia jina ukija kuomba kazi. Kisha, katikati ya maelezo, ukapenyeza kama jambo dogo kwamba kila asubuhi unakunywa lita tano za maji kwa mkupuo ili tumbo lipanuke kabla ya siku ya kurekodi. Waliokujibu kabla yangu wamebishana kuhusu maadili na kumwaga chakula, wengine wamekutakia heri na kukuomba uwasalimie watangazaji, na mmoja ameandika kwamba maji hayajawahi kumuua mtu. Hakuna aliyekugusa bega kwa ajili ya sentensi ile ya lita tano, nami siendi kwingine mpaka tuimalize.

Niliwahi kuitwa kama ulivyoitwa wewe. Kituo sitakitaja. Kipindi kilikuwa kipya, na shindano lilikuwa la kula chapati kwa mchuzi wa kuku mbele ya kamera, huku saa ikihesabu dakika kurudi nyuma. Mtaani nilikuwa na sifa zangu. Kwenye shughuli wapishi walinifahamu kwa jina, na wapo walionificha sufuria. Tumbo nililozaliwa nalo lilitosha kunipitisha kwenye usaili, lakini nikajiambia kwamba halitatosha kunipa ubingwa, ndipo nikamfuata mtu wa mtandaoni aliyejiita kocha wa ulaji na kumlipa kwa simu ili anitumie ratiba yake ya mazoezi. Ratiba hiyo, mdogo wangu, ndiyo hiyo hiyo unayoifuata wewe. Nimeitambua mpaka kwenye yale maneno ya kunywa ukiwa umesimama.

Kinachoniuma ni kwamba kocha yule hakuanza kwa uongo. Alianza na Mjapani Takeru Kobayashi, ambaye mwaka 2001 alifika kwenye shindano la hotdogi la Coney Island, New York, akiwa kijana mwembamba, akala hotdogi 50, yaani soseji pamoja na mikate yake, kwa dakika 12, wakati rekodi aliyoikuta ilikuwa 25 na ushei. Akaendelea na Mmarekani Joey Chestnut, aliyekula 76 kwa dakika 10 mwaka 2021, tena moja kwa moja kwenye chaneli ya michezo ya ESPN. Yote hayo ni kweli tupu, nami nikahitimisha kama alivyotaka nihitimishe, kwamba siri iko kwenye kulizoeza tumbo. Asichokisema, ama kwa ujinga ama kwa tamaa ya fedha zangu, ni kwamba Major League Eating, chombo kinachosimamia mashindano hayo ya Marekani, kinapinga wazi mazoezi ya nyumbani ya aina yoyote na kinataka wahudumu wa dharura wawepo ukumbini. Yaani wasimamizi wa mashindano yale yale aliyoyaleta kama ushahidi wake walikuwa wamekataza bidhaa aliyokuwa akiniuzia.

Basi nikaanza. Nilitumia jagi la plastiki la shangazi, lile la lita mbili ambalo kishikio chake kimekatika, nikisimama uani kando ya pipa kwa sababu kocha alisema kukaa kunabana tumbo. Mara za mwanzo niliona tumbo linajaa, naenda haja ndogo kutwa nzima, na maisha yanaendelea. Hilo ndilo lililonidanganya, kama linavyokudanganya wewe sasa, kwa kuwa kunusurika jana hukuoni kama bahati, unakuona kama maendeleo. Siku iliyoharibika ndiyo siku niliyoamua kuongeza kiasi na kupunguza muda, maana kurekodi kulikuwa kumekaribia na kocha alikuwa ameniandikia kwamba mabingwa hawaogopi.

Kichwa kilianza kuuma nyuma ya macho. Vidole vikavimba, pete ikagoma kutoka. Nikatapika, na kilichotoka kilikuwa maji safi, nami nikafurahi kwa kuwa niliona nimepata nafasi ya kuongeza mengine. Baadaye nikaanza kuchanganyikiwa bila kujijua: walionisimulia wanasema nilimwamkia shikamoo mtoto wa jirani anayesoma darasa la pili, naye, kwa adabu zake, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani. Mnaruhusiwa kucheka, kwa kuwa mtaani wamekwisha kucheka vya kutosha na mtoto huyo mpaka leo ananiita mjukuu.

Shangazi aliposikia maneno yangu hayana kichwa wala miguu, alikwenda kutafuta ubani. Jirani mwenye busara zaidi akasema hiyo ni malaria imepanda kichwani, na kwa nia njema kabisa akaagiza nipewe maji mengi, kwa sababu mtu anayetapika lazima arudishiwe maji. Nikanyweshwa. Hapa ndipo ninapotaka uisome sentensi hii mara mbili: dalili za maji kuzidi mwilini zinafanana mno na dalili za magonjwa tunayoyatibu kwa maji, hivyo kila mtu anayekupenda atakusukuma karibu zaidi na shimo. Zahanati walipima malaria, kipimo kikaonyesha hakuna, na walikuwa wanaandaa dripu ya kawaida pale binamu yangu alipokumbuka kusema nilikuwa nimekunywa nini. Mganga wa zamu akaacha alichokuwa anafanya, akaita gari. Njiani nikashikwa na degedege.

Nilichoelezwa hospitalini baada ya kupata fahamu ni hiki, nami nakieleza kwa sababu kocha hatakueleza. Figo za mtu mzima mwenye afya huweza kutoa takriban lita moja ya maji kwa saa, si zaidi ya hapo sana. Ukiyaingiza kwa kasi kuliko yanavyotoka, damu inakuwa nyepesi, na sodiamu, yaani ile chumvi inayoweka mizani ya maji kati ya damu na seli, inashuka. Maji huhama kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, nazo huvimba. Seli za mguu zikivimba utalalamika viatu vinabana, lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu ambalo halitanuki, kwa hiyo kuvimba kwake ndiko maumivu ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na mwisho wake kupoteza fahamu na kifo. Tumbo, unaloliona kama adui wa kushindwa, halihusiki kabisa na ajali hii. Lenyewe lilipokea maji kwa utiifu. Wala usidhani utajitibu kwa kulamba chumvi jikoni, kwa sababu hata hospitalini huiongeza kwa vipimo huku damu ikikaguliwa tena na tena, maana kuipandisha haraka kupita kiasi nako huweza kuudhuru ubongo.

Kwa aliyeandika kwamba maji hayajawahi kumuua mtu: mwezi Januari 2007, huko Sacramento, California, kituo kimoja cha redio kiliendesha shindano la kunywa maji bila kwenda haja ndogo, zawadi ikiwa mashine ya michezo ya Wii. Wakati matangazo yanaendelea, msikilizaji mmoja alipiga simu kuonya kwamba maji mengi namna hiyo huweza kuua, na watangazaji wakaligeuza utani. Mshiriki mmoja, mama wa watoto watatu, aliondoka pale akilalamika kuumwa kichwa, na siku hiyo hiyo akakutwa amefariki nyumbani kwake. Mwaka 2009 baraza la raia walioketi mahakamani kuamua kesi hiyo liliamua familia yake ilipwe zaidi ya dola milioni 16. Yule mama hakufanya ratiba ya kocha. Alishindana asubuhi moja tu.

Gharama yangu ilikuwa ndogo kuliko yake, na bado sijamaliza kuilipa. Shangazi alitoa fedha za kikoba alizokuwa amezitenga kwa ajili ya cherehani, akaendelea kushona kwa mashine ya kukodi. Siku zile za hospitalini sina kumbukumbu nazo, zimekatwa kama kipande cha mkanda. Kituo cha runinga kilinipigia simu mara moja. Nilidhani wananijulia hali, kumbe mtayarishaji alitaka nirudishe fulana yenye namba ya ushiriki ili apewe mtu mwingine. Nilimrudishia, tena imefuliwa na kupigwa pasi, kwa sababu mimi ni mtu mwenye heshima zangu hata nikiwa nimechanganyikiwa. Nilipomuuliza kama aliwahi kuwaonya washiriki kuhusu namna ya kujiandaa, alinijibu kwamba kinachofanyika kabla ya kamera kuwashwa hakimhusu. Kocha naye alinifungia nisiweze kumwandikia, kisha akafungua ukurasa mwingine wenye jina jipya. Yaelekea ndiko ulikomkuta.

Jibu hilo la mtayarishaji ndilo linalonirudisha kwenye swali lako la burudani na madhara. Mimi bado nayaangalia mashindano haya, na siwezi kukaa hapa nikadai kwamba hayachekeshi. Mtu anayepambana na sahani kubwa kuliko kichwa chake anachekesha, na watu wamekuwa wakishindana kula tangu kabla ya runinga, kwenye harusi na mabweni ya shule. Lakini kipindi kinaanza mshiriki akiwa ameketi na kinakwisha akiwa ameinua mikono, kwa hiyo mtazamaji anayetaka kuiga anaona zile dakika kumi peke yake na inambidi abuni mengine yote. Ndipo wanapoingia makocha wa simu.

Wajapani walilijua hilo kwa uchungu. Mashindano ya ulaji yalikuwa yamepamba moto kwenye runinga zao, mpaka mwaka 2002 kifo cha mwanafunzi wa mkoa wa Aichi, aliyepaliwa na mkate akishindana na wenzake wakati wa chakula cha mchana shuleni, kilipojulikana, na vituo vikasimamisha vipindi hivyo kwa miaka kadhaa. Mtoto yule hakupanda jukwaa lolote. Alikuwa mtazamaji. Kwa hiyo anayeniuliza nani anadhurika, namjibu kwamba aliye mbele ya kamera walau ana watu wanaomtazama. Anayeiga chumbani hana mtu.

Na hata waliobobea hawatoki salama kama picha inavyoonyesha. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa mshindani mmoja wa kulipwa, waliyempiga picha za eksirei akila hotdogi akilinganishwa na mtu mlaji wa kawaida. Mlaji wa kawaida aliishia 7 akasema akiongeza atatapika. Mshindani alikuwa amefika 36 ndani ya dakika 10 walipomsimamisha, naye akasema hajashiba. Tumbo lake lilionekana kama mfuko mkubwa uliolegea, usiosukuma chakula mbele, na waliandika kwamba watu wa namna hii huenda baadaye wakapata kichefuchefu na kutapika kusikokoma kwa sababu tumbo limeacha kufanya kazi. Kobayashi mwenyewe, shujaa wa kocha wetu, mwaka 2024 alitangaza kwamba anataka kuachana na ushindani, akieleza kwamba hasikii tena njaa wala kushiba. Soma hapo tena: ulichokuwa unakiita mafanikio ya mazoezi, yaani tumbo lisilosema "basi", ndicho anachokilalamikia bingwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, na nitaurudia hata mkinichoka: usijizoeze. Usijizoeze kwa maji, wala kwa uji, kabichi au tikiti, wala kwa kile kinachoitwa "kiasi kidogo tu". Ukitaka kwenda kwenye shindano lao, nenda na tumbo ulilonalo, kula mpaka linapokwambia basi, kisha weka chapati chini, na kabla hujakaa uwaulize mbele za watu ni nani pale anayejua kumwokoa mtu aliyepaliwa na amesimama wapi. Wakikuonyesha mpiga picha, rudi nyumbani. Najua utasema kwamba bila mazoezi utashindwa. Utashindwa, ndiyo. Mimi nilijizoeza na sikufika hata kwenye kiti.

Kama umekwisha kunywa leo na kichwa kinauma, au unatapika, au watu wa nyumbani wanakuambia maneno yako hayaeleweki, funga uzi huu uende hospitali sasa hivi, uende na mtu, na huyo mtu aseme neno "maji" kabla hajaulizwa chochote. Aseme ni lita ngapi na kwa muda gani. Asiseme malaria.

Kuhusu mkataba na malipo uliyouliza, waliowahi kulipwa watakujibu.