Jiko la mkaa ndani ya kitalu nyumba: je, hewa ukaa inaongeza nyanya?

Mkuu, umeuliza kama kuwasha jiko la mkaa usiku ndani ya kitalu nyumba kutaongeza hewa ukaa (kaboni dioksidi) na kukupa nyanya nyingi, kama jirani alivyokushauri. Nakuomba usiwashe. Nilifanya kazi kwenye vitalu vya maua Naivasha, na sasa nalima nyanya na pilipili hoho upande wa Meru, kwa hiyo swali hili nimeishi nalo.

Usiku hakuna mwanga, na bila mwanga hakuna usanisinuru, yaani mmea hautengenezi chakula chake. Mnyanya wakati huo unapumua tu, na wenyewe unatoa hewa ukaa. Hiyo ya mkaa hauna kazi nayo. Tena mkaa ukiungua mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Pamoja nayo hutoka gesi ya ethilini, na ethilini kidogo tu inatosha kupinda majani ya nyanya na kupukutisha maua. Utaamka na hasara, na Mungu apishe mbali, pengine na msiba.

Hata hivyo jirani hakulitoa wazo hilo hewani. Hewa ya kawaida siku hizi ina hewa ukaa kama sehemu 420 katika kila sehemu milioni. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa karibu 280. Nyanya iliyopata mwanga na maji ya kutosha ina uwezo wa kutumia zaidi ya hapo. Waholanzi huipandisha hadi 800 au 1,000 ndani ya vitalu vyao vya vioo, na mavuno yanapanda kweli. Hapo Naivasha, shamba la Oserian lilivuta joto na hewa ukaa kutoka visima vya mvuke vya Olkaria na kuvielekeza kwenye waridi.

Siri iko kwenye kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho ndicho kinachonasa kaboni ndani ya jani. Kina udhaifu mmoja mkubwa: mara nyingine badala ya hewa ukaa kinanasa oksijeni, na hapo mmea unapoteza nguvu pamoja na kaboni uliyokwisha kuipata. Joto likizidi, udhaifu huo nao unazidi. Ukiongeza hewa ukaa, oksijeni inakosa nafasi na sukari inatengenezwa kwa kasi. Ila kasi hiyo ina kikomo. Mwanzoni inapanda haraka, kisha inalegea, na kwa nyanya ukishafika kama 1,000 huoni tena tofauti ya maana. Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman alieleza kwa nini: kazi inayotegemea vitu vingi huenda kwa mwendo wa kile kilicho haba kuliko vyote. Kama haba ni mwanga, maji au mbolea, gesi utakayoongeza itapotea bure.

Sasa jiulize, kwako haba ni nini? Vitalu vingi ninavyotembelea vina nailoni iliyojaa vumbi na ukungu wa kijani. Mwanga unaishia juu ya paa, halafu mkulima anatafuta gesi! Osha nailoni kwanza. Maji nayo: mmea ukipata kiu saa sita mchana hufunga stomata, vile vitundu vidogo vya kwenye jani, na hewa ukaa haipiti hata ikiwa tele nje yake.

Kuna wakati mmoja ambapo hewa ukaa ndiyo haba kweli, na hapa ndipo wengi wanapopoteza mazao bila kujua. Juni na Julai baridi inakaza, watu wanashusha mapazia ya pembeni na kuyaacha mpaka karibu adhuhuri. Nimepima mara nyingi ndani ya kitalu kilichofungwa hivyo. Alfajiri kipimo kinasoma zaidi ya 600, kwa sababu udongo, samadi na mimea yenyewe vimepumua usiku kucha. Jua likichomoza majani yanaila yote, na kufika saa nne asubuhi kipimo kinasoma chini ya 300, pungufu kuliko hewa ya nje. Jua ni kali, maji yapo, mbolea ipo, na mmea una njaa. Pandisha mapazia mara ubaridi unapopungua, hata kwa kiasi, upepo upite. Hiyo ni hewa ukaa isiyo na bei.

Samadi iliyoiva na mboji chini ya mimea vinasaidia pia, maana vikioza hutoa hewa ukaa palepale karibu na majani. Samadi mbichi usiingize; amonia yake inaunguza.

Kwa yule mchangiaji aliyeuliza kama mahindi nayo yanafaidika na hewa ukaa: mahindi, mtama, miwa na hata mchicha vina njia yao ya kurundika kaboni karibu na rubisko, kwa hiyo nyongeza ya hewa ukaa haivisaidii sana, isipokuwa wakati wa ukame, kwa kuwa stomata zinabanwa na maji yanapungua kutoka. Maharage, mpunga, ngano, muhogo na nyanya ndivyo vinavyoitikia. Na kwa mpunga na ngano, punje huongezeka lakini protini, zinki na chuma ndani yake hupungua.

Ukinunua kipimo, kitundike katikati ya mimea, usawa wa majani. Ukikiweka mlangoni kitakusomea hewa ya nje.